Historia inasaidia nini? Kutoka karatasi za maboyi mpaka jino la Lumumba

Kila mwaka, matokeo ya egzame ya Serikali yakitoka, ulizo moja linarudi katika manyumba mengi: mutoto aende kusoma nini? Akijibu udaktari ao sheria, wazazi wanafurahi. Akisema historia, falsafa ao lugha, wanakunja uso: «Na ile historia yako utakula nini?»

Ulizo hilo si la upumbavu. Kuko walimu wanaofundisha miaka mingi bila jina lao kuingia kwenye listi ya mushahara wa Serikali, na wengi kati yao walisoma mambo hayo hayo. Lakini masomo haya yamefanya kazi hapa Congo, na kazi yenyewe inaonekana.

Mwaka wa 1965, muji wa Elisabethville, leo Lubumbashi, chama cha watu waliokuwa zamani maboyi wa wazungu kilitoa kitabu kidogo kilichopigwa kwa mashine. Mwandishi ni André Yav. Kichwa chake cha Kifaransa kinasema ni «Vocabulaire» ya muji, lakini si orodha ya maneno: ni historia ya Elisabethville, kutoka wakati wa Leopold II, vile ilivyoonwa na watu waliopika, waliofua na waliotandika meza. Na imeandikwa kwa Kiswahili cha kule kwao, kile cha njiani na cha jikoni. Karatasi za ukoloni ziliandikwa na bwana. Boyi alikuwa ndani ya nyumba, anasikia yote, na hakuna mutu aliyemuuliza.

Johannes Fabian, mwalimu Mujerumani aliyefundisha Lubumbashi, alichapisha maandishi hayo mwaka wa 1990. Kuyasoma ilikuwa ngumu, maana maneno yalikuwa yameandikwa vile yanavyosikika. Ilibidi mwenyeji wa Katanga ayasome kwa sauti, kiisha ndipo maana ikatoka. Bila watu wenye kujifunza lugha na historia, zile karatasi zingebaki karatasi tu.

Mufano wa pili kila mutu anaujua, lakini wengi hawajui ulianzia wapi. Patrice Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Mwezi wa pili, wakubwa wa Katanga walitangaza kwamba alitoroka, na wanakijiji ndio walimuua. Ludo De Witte, Mubelgiji aliyesoma sosiolojia, akaingia katika maarchive, akalinganisha telegramu na tarehe, akatoa kitabu mwaka wa 1999. Bunge la Ubelgiji likaunda tume ya uchunguzi. Mwaka wa 2001 tume ikasema kuko mawaziri wa Ubelgiji wa wakati ule wenye daraka la kimaadili, na mwaka wa 2002 serikali yao ikaomba musamaha. Juni 2022, jino la Lumumba, lililokuwa limechukuliwa na polisi mumoja Mubelgiji, likarudishwa kwa familia yake. Jeneza likapita Sankuru, Kisangani na Haut-Katanga mbele ya kufika Kinshasa. Yule polisi alikuwa amejisifu kuhusu maiti ile. Lakini ni karatasi ndizo zilizolazimisha bunge kuuliza.

Kazi ya mwanahistoria ni maulizo ya kawaida: nani anasema? Alikuwako? Alisema lini, na anapata faida gani? Jan Vansina, aliyekaa na Wakuba wa Kasai miaka ya 1950, alionyesha katika kitabu chake cha 1961 kwamba hata maneno ya wazee yanaweza kupimwa hivyo. Si kuyaamini yote, si kuyatupa yote.

Mashariki mwa nchi, maulizo hayo yanatakiwa sana. Audio inazunguka kwenye simu, inasema kabila fulani «walifika juzi», kilima fulani «ni chetu toka kuumbwa kwa dunia». Hakuna jina la musemaji, hakuna tarehe. Kufika mangaribi watu wamekwisha kuchukua mapanga. Mwanafunzi wa historia hawezi kuzuia audio, lakini anaweza kuuliza mbele ya watu: nani amesema, na alijua namna gani?

Hata bila iniversite, kuko kitu cha kuanza nacho. Muzee aliyeona mwaka wa 1960 akiwa na miaka kumi, leo amepita sabini na mitano. Inatosha kumurekodi kwa simu, na kuandika jina lake, kijiji, tarehe ya mazungumzo, na kama jambo lenyewe aliliona ao aliambiwa tu.