Je, habari za Yesu zilinakiliwa kwa Horus na Mithras?

Kila inapokaribia Krismasi, ujumbe uleule huanza kuzunguka upya kwenye simu za watu. Ni orodha. Horus wa Misri alizaliwa na bikira Desemba 25, akawa na wanafunzi 12, akasulubiwa, akalala kaburini siku tatu, akafufuka. Mithras wa Uajemi, vilevile. Attis, Dionysus na Krishna nao hawakosi. Chini kabisa huja hukumu: Wakristo waliiba ngano za wapagani wakabadilisha majina.

Orodha hiyo ina wateja wa kila namna. Wasioamini huitumia kuuangusha Ukristo mzima kwa pigo moja. Katika mihadhara ya kidini hugeuka silaha ya kumnyamazishia mpinzani. Hata miongoni mwa wanaomkiri Kristo wapo, kama Mashahidi wa Yehova, wasiosherehekea Krismasi kwa hoja kwamba chimbuko lake ni upagani. Katika purukushani hiyo, swali la kwanza la mwanahistoria husahaulika: nani aliyaandika hayo, na aliyaandika lini?

Orodha ya karne ya 19

Wengi wa kizazi hiki waliipata kwenye filamu ya Zeitgeist, iliyotoka mtandaoni mwaka 2007. Lakini filamu hiyo ilirithi hoja zilizokwisha kuzeeka. Mwaka 1875 Mmarekani Kersey Graves alichapisha kitabu kilichodai kwamba dunia imepata kuwa na waokozi 16 waliosulubiwa. Hadi leo wapo wanahistoria wasioamini Mungu kabisa wanaowatahadharisha wasomaji dhidi ya kitabu hicho, kwa kuwa madai yake mengi hayana ushahidi.

Baada yake akaja Gerald Massey, mshairi wa Uingereza aliyejifunza mambo ya Misri ya kale kwa juhudi zake mwenyewe. Katika kitabu chake cha mwaka 1907 alipanga orodha ndefu ya mifanano kati ya Horus na Yesu. Tatizo la Massey ni kwamba aliwavika Wamisri msamiati wa Injili. Anubis, mungu wa kuhifadhi maiti, alimgeuza mbatizaji ili apate wa kumlinganisha na Yohana. Msomaji asiyeyajua maandiko ya Kimisri anaona mfanano, kumbe anachokiona ni maneno ya mwandishi.

Mwenye uzito zaidi alikuwa James Frazer wa Cambridge. Kuanzia mwaka 1890, katika kitabu chake The Golden Bough, aliwaweka Osiris, Adonis na Attis katika kundi moja la miungu inayokufa na kufufuka pamoja na mazao. Wazo hilo lilitawala vyuo vikuu kwa miongo kadhaa.

Misri inasema nini?

Katika hekalu la Seti wa Kwanza huko Abydos, lililojengwa karne ya 13 KK, kuna mchoro wa kuchongwa ukutani. Osiris amelazwa kitandani, maiti. Juu yake anaelea Isis, mkewe, katika umbo la ndege, akipokea mbegu ya mumewe. Hapo ndipo Horus alipotungwa mimba. Plutarch, Mgiriki aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 2 BK, anasimulia kwamba Osiris alikatwa vipande 14, na kwamba Isis alivipata vyote isipokuwa uume, akamtengenezea mwingine. Kisa hiki kina maajabu tele, lakini bikira hayumo.

Kuhusu kusulubiwa kwa Horus, hakuna andiko la Kimisri linalokutaja. Ila haki itendeke: si kila kitu katika orodha ni uzushi mtupu. Plutarch huyohuyo anasema Horus mtoto alizaliwa karibu na siku ya usiku mrefu kuliko zote katika mwaka, ambayo katika nchi za kaskazini huangukia Desemba. Kwa hiyo suala la msimu lina chembe ya ukweli.

Hata kurudishwa uhai kuna kitu. Katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, limehifadhiwa jiwe lililochongwa karne ya 4 KK, zama za Farao Nectanebo wa Pili. Mbele yake Horus yu uchi kama mtoto, amekanyaga mamba, mikononi amekamata nyoka na nge. Maandishi yaliyolijaza jiwe yanaeleza jinsi mtoto huyo alivyoingiwa na sumu, mama yake akapiga yowe hadi jahazi la jua likasimama angani, na mungu Thoth akashuka kumponya. Kwenye mawe ya aina hiyo watu walimwaga maji juu ya maandishi, kisha wakampa mgonjwa ayanywe. Diodorus wa Sicily, karne ya 1 KK, naye aliandika kwamba Isis alimrudishia mwanawe uhai. Kufufuliwa kupo, basi. Ila ni kwa dawa ya mama na uganga wa kutoa sumu. Msalaba haupo wala siku tatu hazipo.

Mithras na mapango yake

Jina la Mithra ni la kale kweli. Limo katika mkataba wa Wahiti na Wamitanni wa karne ya 14 KK, na Waajemi walimwabudu kwa karne nyingi. Lakini Mithras anayelinganishwa na Yesu ni yule wa mapangoni, aliyependwa na askari wa Dola la Kirumi. Ushahidi wa ibada hiyo, yaani beti za mshairi Statius na sanamu za mwanzo kabisa, unaanza kuonekana mwishoni mwa karne ya 1 BK. Barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho, yenye habari za Meza ya Bwana na ufufuo, iliandikwa katikati ya miaka ya 50. Anayedai kwamba Paulo alinakili pango la Kirumi ana kazi ya kueleza tarehe hizo.

Mbelgiji Franz Cumont, aliyekusanya kumbukumbu za Mithras mwishoni mwa karne ya 19, aliamini kwamba dini hiyo ilihama nzima kutoka Uajemi. Kwenye kongamano la wataalamu mjini Manchester mwaka 1971, hoja yake ilishambuliwa vikali, na leo wengi wanaiona ibada ile kuwa zao la Warumi wenyewe waliochukua jina na baadhi ya vionjo vya Kiajemi.

Hebu tulitazame jiwe moja lililopatikana London mwaka 1889, lililotolewa sadaka na Ulpius Silvanus, askari mstaafu wa Legioni ya Pili Augusta. Katikati Mithras amemkalia fahali, kisu kimezama shingoni. Mbwa anairukia damu. Kuzunguka tukio lote kuna duara la buruji 12 za nyota: Kaa, Simba, Mizani na wenzao. Buruji hizo ndizo watungaji wa orodha walizozigeuza wanafunzi 12. Kuhusu kuzaliwa kwake, sanamu nyingi zinamwonyesha akichomoza kutoka kwenye mwamba, kisu mkono mmoja na mwenge mkono wa pili. Hakuna andiko la kale linalosema alikufa, kwa hiyo ufufuo wake hauna pa kuanzia. Wala hakuna andiko la kale linaloitaja Desemba 25 kuwa siku yake ya kuzaliwa.

Mifanano iliyo ya kweli

Hata hivyo, Mkristo asishangilie mapema. Yustino Mfiadini, akiandika Roma miaka ya 150 BK, alikiri kwamba wafuasi wa Mithras walitumia mkate na kikombe cha maji katika ibada zao, akasema pepo ndio waliouigiza Ukristo. Miaka 50 baadaye Tertuliano wa Carthage alitaja mkate huo pamoja na alama waliyotiwa askari wa Mithras kwenye paji la uso. Hawa ni mashahidi ambao wangefurahi kama mfanano usingekuwepo. Tunawaamini.

Lakini mfanano si wizi. Kula pamoja kwa heshima ya mungu kulikuwa desturi ya Dola zima, hadi kwenye vyama vya kuzikana. Nyumba mbili za pwani kuezekwa makuti hakuthibitishi kwamba fundi wa moja alimwibia mwenzake ramani. Mwaka 1962 Samuel Sandmel, rabi na mtaalamu wa Agano Jipya, alichapisha onyo mashuhuri kuhusu uraibu huu wa kuona mifanano kila mahali.

Tena mkopaji huenda akawa yule tusiyemdhania. Katika ibada ya Cybele na Attis kulikuwa na kafara ya fahali. Mwaka 376 kigogo mmoja wa Roma, Sextilius Agesilaus Aedesius, aliandikisha kwenye jiwe kwamba kwa kafara hiyo amezaliwa upya milele. Inafanana mno na lugha ya Kikristo, lakini wakati huo Ukristo ulikuwa umekwisha kuwa dini ya makaisari. Kama kuna aliyekopa hapo, huenda ni mpagani.

Mfanano wenye nguvu zaidi pengine ni wa Dionysus na divai. Pliny, aliyekufa mwaka 79, aliandika kwamba kisiwani Andros chemchemi ya hekalu la mungu huyo hutoa maji yenye ladha ya divai kila Januari 5. Anayeisoma habari ya arusi ya Kana ana haki ya kujiuliza kama mwandishi wa Injili alikuwa akiwaambia Wagiriki jambo kuhusu mungu wao.

Na Krismasi je?

Injili hazitaji tarehe. Klementi wa Aleksandria, karibu mwaka 200, aliorodhesha tarehe kadhaa zilizopendekezwa na watu wa wakati wake, na Desemba 25 haimo. Inajitokeza katika kalenda ya Roma ya mwaka 354, na ajabu ni kwamba kitabu hichohicho kinaiandika siku hiyo mara mbili: penye sikukuu za serikali kama siku ya kuzaliwa kwa Asiyeshindwa, inayoadhimishwa kwa mashindano 30 ya magari ya farasi, na penye kumbukumbu za mashahidi wa Kanisa kama siku Kristo alipozaliwa Bethlehemu.

Wengine husema Kanisa liliiteka sikukuu ya Jua, ambalo Kaisari Aurelian alilijengea hekalu mwaka 274. Wengine, wakimfuata Louis Duchesne aliyeandika mwaka 1889, husema ni hesabu: Machi 25 ilihesabiwa kuwa siku ya kutungwa mimba, ukijumlisha miezi tisa unafika Desemba 25. Mjadala haujafungwa. Kisichobishaniwa ni kwamba Wakristo waliishi jirani na jua hilo. Chini ya Basilika la Mtakatifu Petro kuna mozaiki ya karne ya 3 inayomwonyesha, kwa maoni ya wengi, Kristo akiendesha gari la farasi huku miale ikimtoka kichwani. Karne mbili baadaye Papa Leo Mkuu aliwakemea waumini waliokuwa wakigeuka kwenye ngazi za kanisa hilohilo na kuliinamia jua kabla ya kuingia kusali.

Hukumu

Nadharia ya Frazer nayo imepata kipigo. Mwaka 1987 Jonathan Z. Smith aliikataa karibu yote. Mwaka 2001 Msweden Tryggve Mettinger alitetea kwamba baadhi ya miungu ya Mashariki ya Kati, kama Baali na Melqart, kweli ilisimuliwa kufa na kurudi. Lakini yeye mwenyewe hakuona ushahidi kwamba ufufuo wa Yesu ulitungwa kutoka huko. Mizizi ya habari hiyo iko karibu zaidi: Pasaka ya Kiyahudi, kitabu cha Danieli, wafiadini wa Wamakabayo. Na msalaba ulikuwa adhabu ya Kirumi. Tacitus, Mrumi asiyewapenda Wakristo hata kidogo, aliandika kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato.

Kwa hiyo dai la kunakili kutoka kwa Horus na Mithras halisimami. Kuanguka kwake hakuthibitishi kwamba Yesu alifufuka. Hilo ni suala la imani na halipimwi kwa kuhesabu mifanano. Wala si ruhusa kwa Mkristo kudai kwamba dini yake haikuguswa na mazingira ilimozaliwa. Ukitumiwa orodha ile tena, mwombe aliyekutumia akutajie andiko la kale na mwaka wake. Asipokuwa nalo, usiisambaze.