Neno 'Line' na Kivuko cha Likoni: Laini, Foleni, Mlolongo

Yamkini nawe umewahi kukumbana na tatizo hili unaposahihisha insha. Mwanafunzi wa kidato cha pili, katika shule moja ya huku Likoni, aliandika habari za safari yake ya kwenda kisiwani Mombasa. Alisema kwamba yeye na mamake 'walipiga laini' kivukoni tangu alfajiri. Nililipigia neno hilo mstari mwekundu, nikaandika pambizoni 'foleni', nikamwondolea nusu alama kwa kosa la msamiati, kisha nikaendelea na insha iliyofuata. Jioni, mimi mwenyewe nikiwa nimebanwa katika banda la abiria nikiingoja feri, ndipo nilipotambua nilichokifanya. Nilikuwa nimeling'oa neno la Kiingereza na kupanda mahali pake neno jingine la Kiingereza.

Maana 'foleni', tunalolifundisha kama Kiswahili safi kisicho na doa, ni amri ya kijeshi. Ofisa wa Kiingereza alipotaka askari wake wajipange, alipaza sauti: 'Fall in!' Mwafrika aliyeamriwa hivyo kila asubuhi alilisikia kama neno moja, akalipa irabu mwishoni, akarudi nalo nyumbani. Si ajabu. Jeshi la King's African Rifles liliundwa mwaka wa 1902, na katika vita viwili vikuu vya dunia maelfu ya watu wetu walipita mikononi mwa maofisa wa namna hiyo, wengine wakiwa askari na wengine wapagazi. Kutokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, tulipata jina Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariakor kule Nairobi. Likoni yenyewe haikuwa mbali na amri hizo. Mnamo 1942 kundi la manowari za Uingereza lililokuwa Bahari ya Hindi lilihamishia makao yake Kilindini, ng'ambo ya mlango huu huu wa bahari tunaouvuka, na baada ya uhuru kambi ya Jeshi la Wanamaji la Kenya ikawa Mtongwe, upande wetu. Hivyo basi, tunaposimama 'foleni' tunatii, bila kujua, amri ya sajini ambaye amekwisha kufa zamani.

Je, 'laini' nayo? Hapa, msomaji, inafaa kwanza tulitazame neno lenyewe katika Kiingereza, kwani 'line' ni miongoni mwa maneno mafupi yenye maana nyingi mno katika lugha hiyo. Chimbuko lake ni Kilatini, katika jina la mmea unaotoa kitani. 'Line' ya kwanza ilikuwa uzi wa kitani. Kutokana na uzi huo ikazaliwa kamba ya kuanikia nguo na kamba ya kuvulia samaki. Kisha alama iliyochorwa kwa kuunyosha uzi. Kisha chochote kilichonyooka kama alama hiyo: safu ya watu, njia ya reli, waya wa simu, mpaka wa nchi, kizazi kinachofuatana, msururu wa maneno katika ukurasa. Mwingereza hahisi kwamba ana maneno kumi. Anahisi ana uzi mmoja.

Kiswahili hakikuwahi kuuhitaji uzi huo mmoja, kwa sababu kila kazi ilikuwa na jina lake. Mvuvi wa huku pwani ana mshipi, na hakuna atakayekuuzia 'laini' ya kuvulia. Waumini msikitini hujipanga safu. Anayeandika huandika mistari, neno lililotoka katika Kiarabu, ambako 'satr' ni mstari wa maandishi. Watu wanaofuatana njiani ni msururu au mlolongo. Ukoo una nasaba. Ndiyo sababu, nionavyo mimi, neno 'laini' lilipoingia halikuchukua mahali pa maneno haya, bali lilifuata vitu vipya vilivyokuja na ukoloni na baadaye teknolojia. Nyumba za askari polisi zikaitwa laini kwa sababu Waingereza walikuwa na desturi ya kuviita vibanda vya kambi, vilivyojengwa safu safu, kwa jina hilo. Matatu inayokwenda Ukunda ikawa na 'laini' yake. Simu ya waya ikawa na laini, na simu ya mkononi ilipoenea kuanzia mwaka wa 2000, kile kidude kidogo kinachotiwa ndani yake kikalirithi jina hilo ijapokuwa hakina uzi wala waya. M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, mtu bila laini akawa kama mtu bila mfuko.

Tatizo ni kwamba kiti cha 'laini' kilikuwa tayari kimekaliwa. Tulikuwa na 'laini' ya Kiarabu, kivumishi chenye maana ya kitu kisicho kigumu: kitambaa laini, sauti laini, maneno laini. Haya ni maneno mawili ya ukoo tofauti yaliyokutana kwa sura tu, na wanafunzi wetu hupata shida nayo kuliko tunavyodhani. Mmoja aliwahi kuniuliza kama kusema kwamba mhusika ana 'lugha laini' ni kusema anazungumza kwa simu. Darasa lilicheka. Nami nilicheka, lakini baadaye niliona kwamba alikuwa ametupa mfano bora wa kufundishia homonimu kuliko ule wa 'kaa' na 'paa' uliomo katika kila kitabu cha kiada.

Katika ushairi wetu, mchezo huu wa maana nyingi si jambo la kuonea haya. Tunafundisha zivindo, utungo unaolichukua neno moja na kulizungushazungusha katika maana zake mbalimbali. Basi kwa nini tuhimize wingi wa maana katika ubeti na kuuadhibu katika insha? Sisemi kwamba kila neno la mitaani lipite. Nasema kwamba kalamu nyekundu inapaswa kwanza kuulizwa inajua nini.

Turudi kwenye mstari, kwa maana 'line' ya Mwingereza haikuishia kwenye misamiati. Mwaka wa 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kuhusu sehemu zao za Afrika Mashariki. Sultani wa Zanzibar aliachiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, na Likoni ikawa ndani yake. Mstari mwingine ulivutwa kutoka mlango wa mto Umba, karibu na Vanga, kuelekea Ziwa Viktoria, ukanyooka kama uzi wa kitani isipokuwa ulipopinda kuukwepa Kilimanjaro. Wadigo, wenyeji wa pwani hii ya kusini, wakajikuta baadhi yao upande mmoja na jamaa zao upande wa Tanga. Huo nao ni 'line', na lugha yetu ililazimika kuuita mpaka. Ukanda wa Sultani ulifutwa kwa makubaliano ya Oktoba 1963, lakini swali la nani ni wa pwani na nani ni wa bara halikufutika kwa saini. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni na kile cha kivukoni kilishambuliwa, askari wakauawa, na katika siku zilizofuata wakazi waliohesabiwa kuwa wa bara wakaandamwa. Maelfu walikimbilia kanisa Katoliki la Likoni. Wengine wakaondoka kwa feri na mizigo vichwani. Sijui kama walipanga foleni.

Kuna 'line' moja ambayo kila mtu wa Likoni angefaa kuijua kabla ya zote, nayo Waingereza waliipata baada ya mabaharia wengi kuzama. Ni mstari uliochorwa ubavuni mwa meli kuonyesha kikomo cha shehena: maji yakiufunika, chombo kimezidiwa. Samuel Plimsoll, mbunge, aliupigania hadi ukaingia katika sheria ya mwaka wa 1876. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994 feri ya MV Mtongwe ilipinduka ikiwa imejaza watu kupita kiasi, hatua chache tu kutoka gatini, na watu 272 wakafa. Mwalimu anayefundisha huku hahitaji kueleza maana ya 'kikomo' kwa kutumia kamusi. Wapo walioketi mbele yangu darasani wakiwa na majina ya wajomba na shangazi waliokufa siku hiyo.

Sasa basi, ningemwambia mwanafunzi wangu atumie neno gani? Mwenzangu mmoja katika idara alinishauri 'mlolongo'. Ni neno la Kibantu, alisema, halina deni kwa mtu. Nilimjibu kwamba lina deni kubwa kuliko yote. Mwaka wa 1986 chama cha KANU, kilichokuwa chama pekee, kiliamua kwamba wateuliwa wake watapatikana kwa wapiga kura kusimama hadharani nyuma ya mgombea, wakala wake au picha yake. Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilipinga. Hata hivyo Februari 1988 mpango huo ulitekelezwa, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa ameshinda kiti bila hata kufika kwenye kura ya siri ya mwezi wa Machi. Yaliyotokea yanakumbukwa: katika sehemu kadhaa mlolongo mfupi ulitangazwa kuwa mrefu, mbele ya macho ya waliosimama. Utaratibu huo ulitupwa mwishoni mwa 1990, baada ya kamati ya chama iliyoongozwa na Profesa George Saitoti kusikiliza malalamiko ya wananchi. Lakini neno lilibaki na kovu. Mtu wa rika langu akisikia 'kura ya mlolongo' haoni foleni ya feri. Anaona mwalimu mkuu wake, chifu wake na mwajiri wake wakitazama yuko nyuma ya nani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kwamba neno la asili huwa safi na neno la mkopo huwa chafu. 'Foleni' ilitoka kwenye kambi ya mkoloni, na leo ni neno la upole, la mtu anayengoja zamu yake. 'Mlolongo' ni letu wenyewe, na tuliutumia kudhulumiana. Kwa upande wa siasa za ukombozi, Kiswahili kilichukua 'line' ya uwanja wa vita na kuitafsiri kwa heshima: Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa miongoni mwa nchi zilizo mstari wa mbele dhidi ya ubaguzi wa rangi kusini mwa Afrika. Leo msemo huo umechakaa kiasi kwamba mwenyekiti wa chama cha kuweka na kukopa naye yuko mstari wa mbele. Sisi wahakiki tusijitoe. Mara ngapi tumeandika 'kusoma kati ya mistari', kana kwamba Waswahili hawakuwa na fumbo wala ndani ya neno?

Kuhusu ushairi, nitasema moja tu. Shuleni Kenya 'line' ya ubeti ni mshororo. Vitabu vingi vya Tanzania huiita mstari. Mtahiniwa wetu akiandika 'mistari minne' asiadhibiwe, kwani ameonyesha anachokijua. Vijana wa muziki wa kufoka nao wana 'mistari' yao, na wao hawangoji ruhusa yetu.

Siku ya pili nilimwita yule mwanafunzi. Nilimuuliza kwa nini hakuandika 'foleni'. Alisema foleni ni ya magari, yale yanayolipa. Waendao kwa miguu hupiga laini. Nilitazama kivukoni jioni ile, nikasikiliza watu wanavyosema, na si wote wanaotenganisha hivyo, ila kwao nyumbani walikuwa wakitenganisha. Nilimrudishia nusu alama. Neno 'foleni' nililoliandika pambizoni sikulifuta.