Siku Kumi za Novemba

Simulizi ya Jumamosi: Mbwana Samatta, sehemu ya tatu

ILIPOISHIA: Mwaka 2011 TP Mazembe waliitoa Simba katika Ligi ya Mabingwa Afrika, na katika kuitoa wakavutiwa na kijana wa Mbagala aliyepitia African Lyon kabla ya kuvaa jezi nyekundu ya Msimbazi. Wakamchukua. Simba nao wakalalamikia uhalali wa beki Janvier Bokungu, CAF ikawasikiliza, Mazembe wakaondolewa mashindanoni. Simba wakarudishwa, wakaenda Cairo kucheza mechi moja ya kuamua dhidi ya Wydad Casablanca, wakafungwa 3-0. Kijana akawa amehamia kwa mabingwa wa Afrika wa 2009 na 2010, lakini mabingwa wenyewe wameshafungiwa mlango. Angesubiri hadi lini?

SASA ENDELEA

Alisubiri miaka minne.

Kwa Mtanzania, Lubumbashi si ughaibuni kabisa. Kiswahili cha Katanga kina Kifaransa kingi ndani yake na kina mwendo wake, lakini sokoni mnaelewana, na mazoezini vilevile. Kilichokuwa kigeni kwa Samatta ni klabu yenyewe. Mazembe, iliyoanzishwa na watawa wa Kibenediktini mwaka 1939, ilikuwa na uwanja wake katika mtaa wa Kamalondo, wenye nyasi bandia, na rais wake alikuwa Moïse Katumbi, gavana wa Katanga, mtu aliyekuwa tayari kutoa fedha kuleta wachezaji kutoka pembe zote za bara. Kutoka Zambia walikuwapo Rainford Kalaba na Nathan Sinkala, kutoka Ghana Solomon Asante, kutoka Ivory Coast Roger Assalé. Golini alisimama Robert Kidiaba, mkongwe aliyekaribia miaka 40, yule aliyejulikana duniani kwa kushangilia magoli akirukaruka kwa makalio. Na pembeni ya Samatta alikuwapo Mtanzania mwenzake, Thomas Ulimwengu.

Nimewataja kwa majina kwa sababu maalumu. Hapa nyumbani tumezoea kumsimulia straika kama shujaa wa hadithi za kale, anayetoka peke yake kwenda kuua joka. Straika hula alichopikiwa. Goli lake linaanza kwa beki anayetoa pasi ya kwanza bila woga, linapita kwa kiungo anayeinua kichwa kabla mpira haujamfikia, linakwenda kwa winga anayejua krosi ipigwe saa ngapi. Yeye anakuja mwisho, na picha ya gazetini inakuwa yake. Kwa miaka minne Samatta alikaa mezani pa watu waliojua kupika, na msomaji afike na jambo hilo hadi mwisho wa sehemu hii, kwa maana Novemba ya 2015 haieleweki bila hilo.

Mwaka huo Mazembe, chini ya kocha Mfaransa Patrice Carteron, walikuwa moto. Katika mechi ya mwisho ya makundi Moghreb Tétouan ya Morocco ilipigwa 5-0 Lubumbashi, Samatta akafunga matatu. Nusu fainali, Al-Merrikh waliwafunga 2-1 kule Omdurman. Waliporudiana Kamalondo, Mazembe walishinda 3-0, na mawili yakawa ya Samatta. Fainali ikawa dhidi ya USM Alger ya Algeria.

Tarehe 31 Oktoba walicheza Algiers. Kalaba akafunga la kwanza. Kipindi cha pili Mazembe wakapata penalti, Samatta akaiweka wavuni. Wenyeji wakarudisha moja zikiwa zimebaki dakika chache, na mechi ikaisha 2-1 kwa wageni. Kushinda fainali ugenini Afrika Kaskazini lilikuwa jambo ambalo timu zetu za ukanda huu, hadi wakati ule, zilikuwa zimeliota tu.

Jumapili ya tarehe 8 Novemba, Kamalondo ilijaa. Hesabu ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuishi nayo: USM Alger walihitaji magoli mawili. Katumbi, wiki chache tu kabla ya hapo, alikuwa amejiuzulu ugavana na kukihama chama tawala, kwa hiyo mji mzima ulikuwa na sababu zaidi ya mpira za kutolala vizuri. Kipindi cha kwanza kikapita bila goli. Nusu ya kipindi cha pili nayo ikapita. Waarabu hawakuwa na haraka. Walijua goli lao moja tu lingetosha kuugeuza uwanja ule dhidi ya wenyewe, na kila dakika iliyokwenda bila goli la Mazembe ilizidisha hofu ya mashabiki wa kule nyuma ya goli.

Kisha refa akaelekeza mkono kwenye alama nyeupe. Penalti. Dakika ya 74.

Mpira ukaenda kwa yule yule aliyepiga ile ya Algiers. Watu wengi hudhani penalti ya pili ni nyepesi kwa kuwa ya kwanza iliingia. Ni kinyume. Ya kwanza kipa anakisia. Ya pili kipa ana kumbukumbu: ameona mguu wa kuegemea ulivyokaa, ameona nyonga ilivyofunguka, na kwa siku nane benchi lake la ufundi limepata muda wa kumwonyesha tena na tena. Mpigaji naye anajua kwamba kipa anajua. Hapo ndipo akili inapoanza kuuliza swali baya kuliko yote: nirudie kona ile ile, au nibadili? Mita 11, wavu, na mji wa watu waliovaa nyeusi na nyeupe wakiwa wameshika vichwa. Kijana wa Mbagala akarudi nyuma hatua chache.

*

Ikaingia.

Dakika za nyongeza Assalé akaongeza la pili, na mabingwa wa Afrika wakapatikana: Mazembe kwa jumla ya 4-1, kombe la tano katika historia yao. Samatta alimaliza mashindano akiwa na magoli 7, na hakuna aliyemzidi. Watanzania wawili, yeye na Ulimwengu, walivaa medali ambayo hakuna klabu ya Tanzania imewahi kuigusa. Nakumbuka namna habari ile ilivyopokelewa Dar es Salaam, kwa furaha iliyochanganyika na haraka, kwa sababu kulikuwa na jambo jingine lililokuwa linakuja mbio. Siku sita tu mbele, Taifa Stars walikuwa na mechi ya kufuzu Kombe la Dunia 2018, mkondo wa kwanza, Uwanja wa Taifa.

Mpinzani? Algeria.

Mkono wa ratiba ulikuwa umemgeuzia mtu huyu kioo. Ameifunga klabu ya Algiers nyumbani kwao na kwake, sasa anakutana na nchi yao nzima. Na nchi yao wakati ule ilikuwa miongoni mwa timu bora za Afrika kwenye viwango vya FIFA. Islam Slimani mbele, Yacine Brahimi kiungoni, Riyad Mahrez upande wa kulia, huyu akiwa katikati ya msimu ambao Leicester City wangeushangaza ulimwengu kwa kutwaa ubingwa wa England.

Jumamosi, tarehe 14 Novemba. Kocha Charles Boniface Mkwasa akawapanga vijana, wengi wao wa Simba, Yanga na Azam, na wale wawili wa Lubumbashi mbele. Ninasema bila kusita kwamba saa ya kwanza ya mechi ile ni miongoni mwa saa bora za Stars katika kizazi changu. Hawakujificha. Walikaba juu, wakakimbia, wakapiga mipira ya haraka nyuma ya mabeki waliozoea kucheza Ulaya, na mabeki wale wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe. Kabla ya mapumziko Elias Maguri akafunga. Baada ya mapumziko, Samatta akafunga la pili. Tanzania 2, Algeria 0. Uwanja wa Taifa ulitikisika, na wale waliokuwa nje na redio masikioni walianza kukokotoa mambo ambayo hatukuwa tumewahi kuyakokotoa.

Tatizo la kuongoza 2-0 dhidi ya timu kubwa ni kwamba miguu huanza kulinda kabla ya kocha kusema lindeni. Stars wakashuka hatua moja, kisha nyingine. Samatta, ambaye dakika chache nyuma alikuwa anapokea mpira akitazama goli, akaanza kuupokea akiwa na mgongo kwa goli, mita 40 mbali, na watu wawili shingoni. Wapishi walikuwa wamechoka. Slimani akafunga. Haijapita muda, Slimani tena. Mbili kwa mbili.

Ilikuwa sare na moja ya timu bora za Afrika, na watu walitoka uwanjani vichwa chini. Marudiano yalikuwa baada ya siku tatu, Blida, katika uwanja wa Mustapha Tchaker, mahali ambapo Algeria walikuwa wamejenga ngome yao na wageni walikuwa wanahesabu vipigo. Hesabu ya makaratasi ilisema Stars bado wana nafasi: goli moja la mapema kule, na Algeria watatetemeka. Nani wa kulifunga? Kila mtu alitaja jina moja. Mtu aliyecheza fainali Jumapili, akasafiri, akacheza dakika ngumu Jumamosi kwenye joto la Dar, akasafiri tena kuvuka bara zima kwenda kwenye baridi ya kaskazini, ndiye taifa la watu milioni 50 lilimwekea matumaini yake yote kwa usiku wa Jumanne.

*

Sitaisimulia mechi ya Blida goli kwa goli. Yalikuwa 7, na Stars hawakupata hata moja.

Nitasema tu kile kilichoniuma, na bado kinaniuma. Mwaka ule hakukuwa na straika aliyemzidi magoli katika mashindano makubwa ya klabu Afrika, na usiku ule alikuwa mtu wa kuanzisha mpira katikati ya uwanja, mara baada ya mara, baada ya kila goli la wapinzani. Hakuwa ameharibika ndani ya siku kumi. Miguu ilikuwa ile ile iliyofunga Algiers, Kamalondo na Dar es Salaam. Kilichobadilika ni mpira kumfikia. Baadhi yetu tulirudi kwenye maneno ya vijiweni kwamba anaijali Mazembe kuliko nchi, kana kwamba mtu mmoja anaweza kujipigia krosi na kujifungia. Sikubaliani na maneno yale leo, na sikukubaliana nayo wakati ule. Timu ya taifa inayomtegemea straika mmoja kujaza pengo la akademi, la viwanja vya mazoezi na la ligi ya vijana inamwonea, hata inapomshangilia.

Lakini dunia ya tuzo haiulizi mpira ulikufikiaje.

Desemba, Mazembe walikwenda Japan kwenye Kombe la Dunia la Klabu. Hata huko, Sanfrecce Hiroshima wakawapiga 3-0 katika mechi yao ya kwanza. Kwa hiyo mwaka wa Samatta uliokuwa umepanda mlima ulimalizika na vipigo viwili vikubwa, kimoja kwa jezi ya bluu ya nchi na kingine kwa nyeusi na nyeupe ya klabu. Na wakati huo huo CAF ilikuwa imetoa majina matatu ya mwisho ya kuwania tuzo ya Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Tuzo hiyo ilikuwa imekwenda Tunisia, Misri na Congo. Afrika Mashariki haikuwa imeigusa.

Jina la kwanza: Mbwana Samatta.

La pili: Robert Kidiaba, kipa wake mwenyewe, gwiji ambaye huo ulikuwa mwaka wake wa kuagana na soka, na mtu ambaye Afrika nzima ingeelewa ikiamua kumpa zawadi ya kwaheri.

La tatu: Baghdad Bounedjah wa Étoile du Sahel, bingwa wa Kombe la Shirikisho. Raia wa Algeria.

Na wapiga kura hawakuwa mashabiki wa Kamalondo wala wa Mbagala. Walikuwa makocha na wakurugenzi wa ufundi wa timu za taifa, watu ambao kazi yao ni kumpima mchezaji akiwa ndani ya jezi ya nchi yake, na ambao matokeo ya Blida waliyasoma kama tulivyoyasoma sisi. Wangekumbuka ipi, penalti ya dakika ya 74, au saba kwa bila?

Tarehe 7 Januari 2016, Abuja, Nigeria. Wageni wamekaa, usiku umefika kwenye kipengele cha wachezaji wa ndani ya Afrika. Majina matatu yamesomwa, na sasa anayetangaza anasoma moja tu.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO