Mathias Mnyampala, Hakimu Aliyetunga Vitabu

Ziko kazi mbili ambazo watu huzihesabu kuwa mbalimbali kabisa. Moja ni kazi ya hakimu, akaaye barazani kusikiliza madai, kupima ushahidi na kukata maneno. Ya pili ni kazi ya mtunzi, atungaye visa na mashairi ili watu wafurahi na waonyeke. Leo twataka kueleza habari za mtu mmoja wa nchi yetu aliyezishika kazi hizo zote mbili, tena twataka kuonyesha kwamba kwake yeye zilikaribia kuwa kazi moja. Mtu huyo ni Mathias Eugen Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1917 akafariki mwaka 1969. Jina lake si geni hapa kusini, maana tenzi zake mbili, Utenzi wa Zaburi na Utenzi wa Enjili Takatifu, zilipigwa chapa na misheni ya Ndanda katika miaka ya 1960. Walakini wako waliozisoma tenzi hizo wasijue mtungaji wake alikuwa mtu gani.

Wakati aliozaliwa ulikuwa wakati mbaya. Vita Kuu ya kwanza ilikuwa haijaisha. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalipita Ugogo yakachukua ng'ombe, nafaka na watu wa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakosa, ikaingia njaa kuu ambayo Wagogo waliiita Mtunya, ikadumu tangu 1917 hata karibu na 1920. Mwaka huo nasi huku hatukupona. Mwezi Novemba 1917 majeshi ya Wajerumani yalirudi nyuma kwa njia ya Newala, yakavuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji, na vijiji vilivyokuwa njiani vikaona taabu. Hivyo mtoto aliyezaliwa Ugogo siku zile akaishi, alikuwa ameponea katika tundu la sindano.

Mnyampala alikua kama wakuavyo watoto wa Kigogo, kwa kuchunga mifugo. Lugha aliyonyonya pamoja na maziwa ya mama yake ni Kigogo, Kiswahili alijifunza. Alipata elimu katika shule za misheni ya Kikatoliki, akawa mwalimu, kisha akaingia kazi ya ukarani katika serikali ya wenyeji. Kutoka hapo alipanda daraja kwa daraja akawa liwali, na mwisho akawa hakimu. Yatupasa kuyatazama vema madaraja hayo, kwa maana ndiyo yaliyomfanya awe mwanasheria, tena ndiyo yaliyompa mambo ya kuandika.

Siku zile Mwafrika wa Tanganyika hakuwa na shule ya sheria katika nchi yake. Kitivo cha sheria kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, ule mwaka wa Uhuru, na wakati huo Mnyampala alikuwa mtu wa miaka arobaini na zaidi. Sheria aliyoijua aliijua kwa kukaa barazani. Mabaraza ya wenyeji yalikuwa mbali na Mahakama Kuu: kwa sheria ya mwaka 1929 rufani zake zilikwenda kwa Bwana Shauri na kwa mkubwa wake wa jimbo, hazikwenda kwa majaji, na mawakili hawakuruhusiwa kusema humo. Mdai alisema mwenyewe, mdaiwa akajibu mwenyewe, wazee wakasema mila ilivyo, na karani akaandika. Karani aliyeandika maneno hayo mwaka hata mwaka alipata elimu kubwa ya jinsi watu wanavyosema, wanavyoficha, na wanavyogeuza neno ili liwafae.

Baada ya Uhuru mambo yaligeuka upesi. Mwaka 1963 Bunge liliondoa sheria iliyowapa machifu mamlaka yao, na mwaka huo huo likapitisha sheria mpya ya mahakama za mahakimu, iliyoanza kutumika mwaka 1964. Tangu hapo mahakama ya mwanzo, mahakama ya wilaya na Mahakama Kuu zikawa ngazi moja, na mtu wa kijijini akaweza kupanda toka ya chini hata ya juu. Kwa mabadiliko kama hayo watu waliozoea baraza la zamani waliingia katika mahakama mpya, na Mnyampala ni mmoja wao.

Sasa tuvitazame vitabu vyake. Mwaka 1954 alitoa Historia, Mila na Desturi za Wagogo. Mwaka 1961 alitoa Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili, hadithi ya nathari. Mwaka 1963 ikatoka Diwani ya Mnyampala, mkusanyo wa mashairi yake. Zikafuata tenzi tulizokwisha kuzitaja. Baada ya kufa kwake zikatoka Ngonjera za UKUTA, kitabu cha kwanza mwaka 1970 na cha pili mwaka 1971. UKUTA ni chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, ambacho yeye alikuwa mmoja wa viongozi wake wakuu. Hata maandiko juu ya maisha yake mwenyewe, aliyoyaita Maisha ni Kugharimia, yalikaa miaka mingi bila kupigwa chapa, yakatoka mwaka 2013. Mtu aliyeandika hayo yote hakuwa na kazi ya kuandika. Mchana alikuwa na madai ya watu, na vitabu vilipata saa zilizobaki.

Tukianza na kile cha Wagogo, twaona mkono wa mtu wa baraza. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mila nayo ni mali. Alieleza Wagogo walitoka wapi, koo zao ni zipi, wanaoanaje, na mambo yao yaendaje. Kwa hakimu habari hizo hazikuwa mapambo. Kesi nyingi za baraza zilikuwa kesi za ng'ombe wa mahari, za watoto ni wa nani, za urithi wa marehemu. Mila isipoandikwa, kila upande huleta mzee wake, na kila mzee huapa kwamba mambo yalikuwa hivi tangu zamani. Kitabu hicho hakikufa: mwaka 1995 kilitolewa kwa Kiingereza na Gregory Maddox, mtaalamu wa historia wa Marekani, na watu wa mbali wakajifunza Ugogo kwa maneno ya Mgogo.

Lakini kitu kilicholieneza jina la Mnyampala kupita vingine ni ngonjera. Hakuna mwalimu katika Masasi wala Newala asiyejua ngonjera ni nini: watoto wawili au zaidi husimama mbele ya watu, mmoja hutoa neno kwa ubeti, mwenzake humpinga kwa ubeti, hivyo hivyo mpaka yule asiyejua awe amejua. Baada ya Azimio la Arusha la mwezi Februari 1967, Rais Nyerere aliwataka washairi wasaidie kuyafikisha mawazo ya Azimio kwa watu wote, na Mnyampala akaijaza ngonjera kazi hiyo. Washairi wa Kiswahili walikuwa na desturi ya kujibizana tangu kale, hata magazetini. Yeye aliyatoa majibizano hayo katika karatasi, akayasimamisha mbele ya watu kwa miguu na sauti.

Basi mtu azoeaye baraza akiitazama ngonjera huona kitu anachokijua. Huyu anadai, yule anajibu. Huyu analeta sababu, yule anaivunja. Watu wamekaa kuzunguka wakisikiliza, na mwishoni neno moja linasimama. Sisi twasadiki kwamba mtu aliyekaa miaka mingi akisikiliza pande mbili asingeweza kufundisha kwa njia nyingine ila hii. Mwalimu wa dini hutoa mahubiri, na chifu hutoa amri, hakimu kwanza huuliza, “Na wewe wasemaje?” Swali hilo ndilo mzizi wa ngonjera.

Yatupasa lakini kusema kweli yote. Wako wahakiki waliosema kwamba ngonjera nyingi zina upungufu: mshindi amekwisha kujulikana kabla ya ubeti wa kwanza. Anayepinga amewekwa pale apate kushindwa. Naye hushindwa upesi, kisha hutoa shukrani. Neno hili lina haki. Baraza ambalo hukumu yake imeandikwa kabla ya mdaiwa kufungua kinywa si baraza tena. Ngonjera zilizotungwa kulieleza Azimio zilifuata njia hiyo, na nyingi zilizotungwa baadaye kwa ajili ya sikukuu na wageni wa heshima zimekuwa sifa tupu, zisizo na swali ndani yake. Hata hivyo umbo lenyewe halina kosa. Mwalimu akimpa yule mpinzani sababu zenye nguvu, zile ambazo watu huzisema kweli wakiwa sokoni na kisimani, ngonjera hurudi kuwa shauri la haki, na watoto hujifunza kupima maneno badala ya kuyakariri.

Tusiiache habari hii bila kuuliza inatuhusu nini sisi wa huku. Mwaka 1963, serikali ilipotangaza mila zilizoandikwa ili mahakama zizifuate, kazi iliyosimamiwa na Hans Cory, mila zilizotangazwa zilikuwa za makabila yahesabuyo ukoo kwa baba. Wamakonde, Wamakua na Wayao wamehesabu ukoo kwa mama tangu kale, na mjomba amekuwa na neno kubwa juu ya wapwa zake. Mila zetu hazikuingia katika tangazo lile. Hivyo mtu akifa akaacha shamba la mikorosho, na watoto wake wakasimama upande mmoja, na wapwa zake upande wa pili, mara nyingi hakuna karatasi ya mila ya kuitazama. Yako maneno ya wazee, nao wazee wanapungua kila mwaka. Wengine husema mila imegeuka na watoto ndio warithi. Wengine husema haijageuka. Mjane naye amekaa kimya pembeni, akingoja kujua kama atalala katika nyumba ile ile. Asiyekuwapo na lake halipo, na mila isiyoandikwa ni kama mtu asiyekuwapo.

Hatusemi kwamba kuandika mila ni kuifunga isigeuke. Ziko desturi ambazo zimewaonea wanawake na watoto, na haifai kuzipa heshima kwa kuwa ni za kale. Lakini hata desturi mbaya yafaa ijulikane ilivyo, na nani alipata na nani alikosa kwayo, ili wanaotaka kuigeuza wajue wanageuza nini. Mnyampala hakungoja mgeni aje kuandika habari za Wagogo. Alikuwa na kalamu, alikuwa na masikio, na alikaa karibu na wazee. Vitu hivyo vitatu havikosekani Ndanda, wala Masasi, wala juu ya uwanda wa Newala. Mwalimu aliye na daftari moja aweza kwenda kwa mzee wa ukoo huu leo na kwa mzee wa ukoo ule kesho, akaandika wanapopatana na wanapoachana, asipendelee upande. Tena asisahau kuwauliza akina mama, maana katika makabila yetu ukoo hupita kwao.

Liko neno moja zaidi, nalo ni la lugha. Mnyampala hakuzaliwa pwani, wala hakuzaliwa na Kiswahili kinywani, naye alisimama kati ya washairi wakubwa wa lugha hii. Mwenzake katika ushairi, Sheikh Kaluta Amri Abedi wa Ujiji, aliyetoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alikuwa Waziri wa Sheria mwaka 1963 na akafariki mwaka 1964. Watu wa bara hawa wawili, Mkristo na Mwislamu, waliishika sheria ya ubeti na sheria ya nchi pamoja. Mahakama za mwanzo zilitumia Kiswahili, lakini katika Mahakama Kuu Kiingereza kilikaa miaka mingi. Mwaka 2021 ndipo Bunge lilipobadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mtu anayedaiwa shamba lake ana haki ya kuielewa hukumu inayomnyang'anya au kumrudishia.

Basi, ndugu walimu, mkiwafundisha watoto ngonjera kwa ajili ya sikukuu ijayo, watajieni jina la yule hakimu wa Dodoma. Na yule mtoto aliyepewa sehemu ya kupinga, msimpe maneno dhaifu.