Largactil: dawa ya akili na kazi ya ziwani

Largactil, yaani klorpromazini, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili huko Paris mwaka 1952. Hupunguza nguvu ya dopamini, kemikali inayopeleka habari ndani ya ubongo. Usingizi huja siku ile ile. Sauti ambazo mgonjwa anazisikia peke yake hupoa baada ya majuma.

Kwetu Kyavinyonge, kando ya Ziwa Edward, tuangalie jua: dawa hii hufanya ngozi iungue upesi, basi mgonjwa avae kofia na mikono mirefu. Tena akisimama ghafula huona kizunguzungu, na ndani ya mtumbwi hilo laweza kumzamisha. Majuma ya kwanza abaki pwani akishona nyavu. Asinywe kasiksi.

Ndugu wengine hutupa vidonge wakiingia chumba cha maombi. Ugonjwa mara nyingi hurudi, nao husema maombi yameshindwa! Tuombe, vidonge vikiendelea; muganga ndiye atakayevipunguza, polepole.

Mikono ikitetemeka au shingo ikikaza, mwambieni muganga upesi. Lakini akiwa na homa kali, mwili mgumu kama ubao na maneno yamechanganyika, msiseme ni malaria tu. Msimpe kidonge kingine. Mpelekeni hospitali hata usiku.