Sanduku la babu Mpitimbi na barua ya 1966

Nimerudi hosteli, ila akili bado iko nyumbani Mpitimbi, Songea. Ukoo mzima tumebishana kuhusu sanduku la bati la marehemu babu, aliyesoma Mlimani enzi zile. Ndani mna picha ya joho, cheti, daftari na barua ya kufukuzwa chuo. Baba mkubwa anataka picha na cheti vitiwe kwenye fremu, barua ichomwe. Anasema ni aibu ya ukoo. Mimi nikamwambia kwa heshima zote, hapana baba.

Historia yenyewe ndiyo hii. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango mpya wa JKT: miaka miwili ya utumishi, sehemu kambini, na sehemu kubwa zaidi kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere alikasirika kwelikweli. Alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi zaidi ya 300 wa chuo wakarudishwa makwao. Wengi walisamehewa, wakarudi darasani 1967.

Sasa tazameni cheti. Binamu yangu alidhani ni feki, maana kimeandikwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kumbe kuanzia 1963 hadi 1970 Makerere, Nairobi na Dar vilikuwa chuo kikuu kimoja. Halafu piga hesabu: babu alianza 1965, shahada miaka mitatu, angemaliza 1968. Cheti kinasema 1969. Huo mwaka mmoja ulikwenda wapi? Jibu liko kwenye barua. Ukiichoma, cheti nacho kinabaki na swali.

Lakini kilichonigusa zaidi ni daftari. Baba yake babu aliorodhesha waliochangia safari ya 1965: huyu debe la mahindi, yule kuku, mwingine shilingi mbili. Ada ililipwa na serikali. Viatu, sanduku na nauli vililipwa na kijiji. Kisha, pembeni ya majina matatu, ameongeza neno moja kwa wino mwingine: “anauliza.” Ni baada ya kijana kurudi bila shahada.

Vitabu vinatupa Ikulu upande mmoja na wanafunzi upande wa pili. Mwalimu alisema wasomi wana deni kwa wakulima. Hapa Mpitimbi wakulima wenyewe wameandikwa kwa majina, na deni lao limeandikwa kwa debe. Sijui kitabu gani kingeniambia hilo.

Baba mkubwa amekubali barua ikae mpaka Pasaka, tukae tena kikao. Mimi nimeshapiga picha kila ukurasa kwa simu, maana hata akikubali yeye, mchwa hawana kikao.

Nanyi mkienda likizo, ulizeni sanduku la kwenu liko wapi. Haya, naenda kusoma, wiki ijayo test.