Amplifaya ya gitaa inaunguruma? Jua chanzo chake, na usikate ethi

Umewasha amplifaya, hujagusa hata uzi mmoja, tayari inaunguruma "hmmmm" kama jokofu bovu. Ukipandisha voliumu, na kelele nayo inapanda. Ukumbi umejaa, MC ameshaitangaza bendi, na macho yote yako kwako mpiga gitaa.

Hali hii inawapata wapiga gitaa wa bendi, wa kanisani na hata wanaojifunza chumbani. Habari njema ni kwamba mara nyingi amplifaya yenyewe haina ubovu. Kelele inaingia kupitia waya, soketi, taa, chaja au simu iliyo mfukoni mwako. Ukiisikiliza vizuri, yenyewe inakuonyesha ilikotoka.

Habari mbaya ni kwamba kuna dawa ya mtaani ambayo wakati mwingine inanyamazisha kelele kweli: kukata waya wa ethi kwenye plagi. Dawa hiyo inaua. Tutaeleza hapo chini ni kwa nini, na ufanye nini badala yake.

Kwa nini gitaa linanasa kelele?

Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana mara maelfu. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, unazalisha umeme mdogo sana. Amplifaya inaukuza mara nyingi mpaka spika inapiga.

Tatizo ni kwamba pikapu haichagui. Transfoma, mota ya feni au waya wa umeme ukutani navyo vina nguvu ya sumaku. Pikapu inainasa nguvu hiyo kama inavyonasa mtikisiko wa uzi, halafu amplifaya inaikuza vilevile.

Umeme wa gridi hapa kwetu Afrika Mashariki unabadilisha mwelekeo kwa kasi ya hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Marekani ni hezi 60. Huo ndio mngurumo unaousikia.

Sikiliza: kelele yako ni ya aina gani?

1. "Hmmmm" nzito. Kama sauti ni nene kuliko uzi mnene kabisa wa gitaa ukipigwa wazi, hiyo ni hezi 50. Uzi huo, E ya chini, unatoa takriban hezi 82. Chanzo huwa ni pikapu kunasa transfoma iliyo karibu, waya mbovu, au vifaa viwili vilivyounganishwa kwenye ethi kwa njia mbili tofauti.

2. "Hmmmm" iliyo juu kidogo. Bonyeza freti ya tatu kwenye uzi huo mnene upate noti ya G. Kama mngurumo unakaribiana na noti hiyo, ni hezi 100. Hapo washuku kapasita za umeme ndani ya amplifaya. Zikizeeka, zinashindwa kuusafisha umeme.

3. "Zzzzz" kama nyuki. Mara nyingi ni taa za mirija, swichi ya kupunguza mwanga, chaja au kompyuta.

4. "Krrr, krrr" ukizungusha voliumu au ukitikisa waya. Ni vumbi kwenye vizungushio, jeki iliyolegea, au kebo inayokatika ndani.

5. "Shhhhh" kama mvua juu ya bati. Geini imepandishwa mno, au pedali za kukwaruza sauti zimewashwa mbili tatu kwa pamoja.

6. "Dit-dit-dit, dit-dit-dit." Hiyo ni simu. Inapowasiliana na mnara kwa mfumo wa 2G, inarusha mawimbi kwa vipande vifupi, kama 217 kwa sekunde. Ndiyo maana spika inalia sekunde chache kabla simu haijaita.

7. Mluzi mkali. Gitaa linasikia sauti ya spika, linairudisha kwenye amplifaya, spika inaipiga tena, na mzunguko unaendelea. Punguza voliumu, sogea mbali na spika, au geuka gitaa lisiitazame.

Jaribio la dakika tano

Usianze kufungua chochote wala kununua chochote. Fanya hivi kwa mpangilio:

Hatua ya 1: Chomoa kila kitu kwenye amplifaya, ubaki na waya wake wa umeme tu. Iwashe, weka voliumu ya kawaida. Mngurumo ukibaki vilevile, tatizo liko kwenye amplifaya au kwenye umeme wa jengo. Jaribu soketi nyingine, ikiwezekana nyumba nyingine.

Hatua ya 2: Kama amplifaya imetulia, chomeka gitaa moja kwa moja, bila pedali. Shusha voliumu ya gitaa mpaka sifuri. Kelele ikiwepo hapa, mshuku wa kwanza ni kebo au jeki. Badilisha kebo kwanza.

Hatua ya 3: Pandisha voliumu ya gitaa. Kelele ikianza sasa, inaingilia kwenye pikapu au nyaya za ndani ya gitaa. Geuka taratibu, kulia na kushoto. Kama inapungua ukitazama upande fulani, pikapu inanasa kitu kilicho chumbani.

Hatua ya 4: Gusa nyuzi. Kelele ikipungua, usishtuke, ni kawaida: mwili wako unafanya kazi kama antena, na ukigusa nyuzi unaunganishwa na ethi ya saketi. Ikiongezeka, huenda nyaya za jeki zimeunganishwa kinyume. Ukisikia hata mchomo mdogo wa umeme, acha mara moja na uzime kila kitu.

Hatua ya 5: Rudisha pedali moja moja. Itakayoleta kelele utaijua papo hapo.

Tiba za bei ndogo

Kebo. Kebo ya gitaa ina wavu wa waya unaouzunguka waya wa ndani. Wavu huo ndio kinga. Kuna watu wanachukua waya wa spika, wanaufunga jeki mbili na kuutumia kwenye gitaa. Waya huo hauna kinga, utanasa kila kitu, wakati mwingine hata stesheni ya redio. Pia usiikunje kebo ya gitaa pamoja na waya wa umeme. Kama lazima vikutane, vipishane kama msalaba.

Taa, chaja na simu. Zima moja moja huku ukisikiliza. Simu iweke mita kadhaa mbali na gitaa, au iweke hali ya ndege. Kuizima mlio tu haisaidii, maana bado inawasiliana na mnara.

Pedali. Nyingi zinatumia volti 9. Adapta moja ya bei rahisi inayogawa umeme kwa pedali tano ni chanzo kikubwa cha kelele. Jaribu kuendesha pedali kwa betri. Kelele ikiisha, umempata mchawi: ni adapta. Tafuta adapta yenye matundu yaliyotenganishwa, kila pedali na lake.

Vizungushio vinavyokwaruza. Zima na chomoa, pulizia spreyi ya kusafishia viunganishi vya umeme, kisha zungusha mara ishirini hivi. Usitumie mafuta ya kupikia wala dizeli. Vizungushio vya gitaa unaweza kuvifungulia mwenyewe, ila ndani ya amplifaya mwachie fundi.

Pikapu. Magitaa kama Stratocaster na Telecaster kwa kawaida yana pikapu za koili moja moja, na hizo zinaunguruma kwa asili yake. Mwaka 1955 mhandisi Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliomba hataza ya pikapu ya koili mbili zilizopangwa kinyume, ili mngurumo unaonaswa na koili moja uuane na ule wa nyingine huku sauti ya nyuzi ikibaki. Ndiyo ile inayoitwa hambaka. Kama gitaa lako lina pikapu tatu za koili moja, jaribu swichi kwenye nafasi ya 2 au ya 4. Kwenye magitaa mengi ya sasa nafasi hizo zinaunganisha koili mbili zilizo kinyume, na mngurumo unashuka.

Geti ya kelele. Ni pedali inayofunga sauti usipopiga na kuifungua ukipiga. Inasaidia, lakini haiondoi chanzo. Ukianza kupiga, kelele inarudi nyuma ya muziki wako.

Inverta na jenereta. Inverta za bei nafuu zinatoa umeme wa mawimbi ya ngazi badala ya mawimbi laini, na amplifaya inaziimba "zzzz" hizo. Kwa shughuli za sola tafuta inverta ya mawimbi laini. Kwa jenereta, mwite fundi umeme ahakikishe ethi ipo kabla bendi haijapanda.

Amplifaya na mikisa zikiungwa pamoja

Hapa ndipo kelele kubwa ya kumbi inapozaliwa. Amplifaya yako iko soketi ya jukwaani. Mikisa iko soketi ya nyuma ya ukumbi. Ukiziunganisha kwa waya wa sauti, zinakuwa na njia mbili za kufika kwenye ethi: moja kupitia plagi, nyingine kupitia waya wa sauti. Umeme kidogo unazunguka humo, na unausikia kama mngurumo.

Tiba ya kwanza ni kuchukua umeme wa vifaa vyote sehemu moja, ilimradi soketi hiyo inamudu mzigo. Ya pili ni kisanduku cha DI chenye transfoma. Kina swichi ndogo ya kutenganisha ethi. Swichi hiyo inatenganisha ethi ya waya wa sauti tu. Ethi ya umeme inabaki salama.

Usikate ethi

Sasa ile dawa ya mtaani. Ukikata ethi kwenye plagi, ile njia ya pili inakatika na mngurumo unaweza kuisha. Ndiyo maana wengi wanaiamini.

Lakini fikiria hivi. Waya wa moto ukilegea ndani ya amplifaya na kugusa bodi ya chuma, ethi ikiwepo, umeme unakimbilia ardhini na fyuzi inakatika. Ethi isipokuwepo, bodi inabaki na moto. Bodi imeungwa na jeki, jeki imeungwa na nyuzi, na nyuzi umezishika wewe. Unasogeza mdomo kwenye maikrofoni, ambayo imeungwa na ethi kupitia mikisa. Umeme unapita katikati yako.

Si hadithi. Mei 1972, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifariki jukwaani mjini Swansea, Wales. Alipigwa na umeme alipogusa maikrofoni ambayo haikuwa na ethi sahihi, huku ameshika gitaa.

Na si lazima ukate waya ndipo upoteze ethi. Plagi ya duara ya pini mbili kutoka Ulaya ina ethi yake ubavuni. Ukiisukuma kwenye soketi yetu ya matundu matatu kwa kuchokonoa tundu la juu na kalamu, amplifaya inawaka lakini ethi haipo. Adapta nyingi za bei rahisi ni hivyohivyo, pamoja na ekstensheni zenye waya wa njia mbili tu. Badilisha plagi yote, waya wa kijani na njano uende kwenye pini kubwa ya juu.

Bisibisi ya testa haitoshi kukagua. Inaonyesha moto, haionyeshi kama ethi inafanya kazi. Tafuta kipima soketi chenye taa tatu, au mwite fundi umeme. Kama unapiga mara kwa mara kumbi tofauti, beba pia kifaa cha RCD cha miliampia 30. Kinakata umeme haraka ukianza kuvuja.

Wakati wa kumwita fundi

Mwite kama mngurumo unabaki hata bila kitu chochote kuchomekwa, fyuzi inakatika kila mara, kuna harufu ya kuungua, au umewahi kupigwa shoti hata kidogo.

Usifungue amplifaya ya valvu, zile zenye vitaa vya kioo vinavyowaka ndani. Kapasita zake zinaweza kubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomoa plagi.

Ukimpelekea fundi, mwambie matokeo ya zile hatua tano. "Inaunguruma bila gitaa, noti karibu na G" inamsaidia kuliko "ina kelele", na inakuokolea pesa ya kubadilishiwa vitu visivyo na ubovu.

Kumbuka pia kwamba kelele kidogo ni kawaida kwa gitaa la umeme. Ukianza kupiga, muziki utaifunika. Bora amplifaya inayounguruma kidogo ikiwa na ethi yake kuliko iliyo kimya kwa sababu imekatwa.